UZI: Sera za uhasibu za kampuni ya bima, ukurasa unaorukwa ndio unaoamua faida

#1 DaftariLaKijani (mleta mada)

Wakuu, hesabu za kampuni ya bima zikitoka, wengi tunakimbilia mstari wa chini: faida baada ya kodi, gawio, basi. Maelezo namba 2 au 3, yale ya sera za uhasibu, tunayaruka kwa sababu ni maandishi madogo kurasa kwa kurasa. Lakini kampuni mbili zenye wateja wa aina moja, ada ileile na ajali zilezile zinaweza kutoa faida tofauti, na zote mbili zikapata hati safi. Tofauti imekaa humo humo kwenye kurasa tulizoruka.

Nitabaki kwenye bima za kawaida (magari, moto, mizigo, uhandisi) na kwa Tanzania. Sisi tunafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu kupitia NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), kwa hiyo tangu 1 Januari 2023 anayetawala ni IFRS 17, kiwango cha mikataba ya bima. Kabla yake kulikuwa na IFRS 4 ya mwaka 2004, ambayo ilikuwa kama nyumba ya kupanga: kila kampuni iliendelea kupika kwa jiko ililohamia nalo. IFRS 17 imeleta jiko moja, ila imeacha vitufe kadhaa mtu achague mwenyewe. Uzi huu ni wa hivyo vitufe.

Kitu kingine kilichobadilika tarehe hiyohiyo: IAS 1, kiwango cha namna ya kuwasilisha hesabu, haitaki tena orodha ya kila sera "kuu". Inataka zile zenye uzito kwa msomaji tu. Ukikuta kampuni ina aya tatu kuhusu uchakavu wa viti na mistari miwili kuhusu madai, hapo mtu amenakili ya mwaka juzi.

Tuanze na mfano. Bima kubwa ya gari binafsi, ada 1,460,000 kwa mwaka. Juu yake kuna VAT ya 18%, yaani 262,800, na mteja analipa 1,722,800. Ile VAT si mapato hata senti moja, kampuni ni mpokeaji tu kwa niaba ya TRA. Kamisheni ya wakala 12.5%, yaani 182,500, na tuseme imeshalipwa yote. Kinga inaanza 1 Oktoba.

Kufika 31 Desemba zimepita siku 92. Ada kwa siku ni 4,000, kwa hiyo mapato ya mwaka huo ni 368,000. Siku 273 zilizobaki zina ada ya 1,092,000 ambayo bado ni deni: kampuni inadaiwa kinga. Ofisini deni hili linaitwa LRC, deni la kinga iliyobaki.

Sasa kitufe cha kwanza. Mkataba usiozidi mwaka mmoja unaruhusu kampuni ichague: kamisheni ipelekwe yote kwenye gharama siku hiyohiyo, au isambazwe kwa muda wa kinga. Ikisambazwa, kila siku inabeba 500. Mwisho wa mwaka gharama ni 46,000, na 136,500 zinapunguza deni hadi 955,500. Ikipelekwa yote, gharama ni 182,500 na deni linabaki 1,092,000.

Mkataba mmoja, faida tofauti kwa 136,500. Wenye mikataba 10,000 ya namna hiyo wazidishe wenyewe: bilioni 1.365. Na sera yenyewe imeandikwa kwa sentensi moja tu. Kitafute kifungu chenye neno "kampuni imechagua".

#2 Stika Feki

Mkuu, umesema mteja amelipa yote. Bongo ipi hiyo? Wengi wanalipa nusu, nusu nyingine "mwezi wa tatu". Deni la mteja linakaa wapi?

#3 Mama Mizania

Stika Feki, hapo ndipo wazoefu wa mizania ya zamani wanapopotea. Zamani ulikuwa na mstari wa "wadaiwa wa ada" upande wa mali, na "ada ambayo haijaiva" upande wa madeni. Chini ya IFRS 17 mistari yote miwili imemezwa na LRC. Kwenye njia fupi ya kupima, ambayo kila mtu anaiita PAA, deni linajengwa kwa ada *iliyopokelewa*, yaani fedha iliyoingia kweli.

Chukua namba za mleta mada. Mteja amelipa 700,000 ya ada, bado 760,000. Kamisheni inasambazwa. LRC ni hivi:

700,000 iliyopokelewa
toa 182,500 kamisheni iliyolipwa
ongeza 46,000 kamisheni iliyoshaingia gharama
toa 368,000 mapato ya siku 92
= 195,500

Ile 955,500 imepungua kwa 760,000 zisizolipwa. Kwa hiyo ukiona mizania ya kampuni imenywea kati ya 2022 na 2023, usiseme biashara imekufa. Pande zote mbili zimepungua kwa kitu kilekile.

Mapato hayajabadilika lakini. Ni 368,000 vilevile, kwa sababu mapato yanafuata ada inayotarajiwa kwa huduma iliyotolewa. Na hapo ndipo kosa linapotokea: kampuni inayokopesha sana inaendelea kuonyesha mapato mazuri, huku wadaiwa wabovu hawaonekani mahali popote kwenye uso wa mizania. Kama kampuni haitarajii kulipwa, inapaswa kushusha ada inayotarajiwa. Soma sera yao kuhusu hilo. Kama haipo, jiulize.

Kitu kingine, mteja akilipa kwa awamu ndogondogo, LRC inaweza kugeuka mali badala ya deni. Inapangwa kwa furushi zima la mikataba inayofanana, si mkataba mmoja mmoja: furushi likitoka mali linaenda upande wa mali, likitoka deni linaenda upande wa deni.

#4 Msafiri254

Kwetu Kenya kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinasema lipa kwanza ndipo ukatiwe, kwa hivyo kwenye karatasi hakufai kuwa na hilo deni kabisa. Halafu kuna vitu vidogo juu ya ada: tozo ya mafunzo 0.2%, mfuko wa fidia kwa wenye bima 0.25%, na stempu shilingi 40. Hivyo vyote vinavyokusanywa kwa mteja havigusi mapato. Lakini kampuni nayo inachangia 0.25% yake kwenye ule mfuko, na hiyo ni gharama yake mwenyewe. Nimeona vitabu ambavyo vimechanganya hizo mbili, wanazitoa zote kwenye mapato.

Swali langu: mteja amelipa broka, broka amekaa na pesa. Ada imepokelewa ama haijapokelewa?

#5 Mama Mizania

Swali zuri, na lilisumbua hadi likapelekwa kwenye kamati ya tafsiri ya viwango. Oktoba 2023 walitoa uamuzi: kiwango hakisemi wazi, kwa hiyo ni sera ya kampuni. Njia ya kwanza, pesa inabaki ndani ya LRC mpaka ifike benki ya kampuni. Njia ya pili, mteja akishamlipa broka, na kwa mkataba deni la mteja limekwisha, kampuni inaitoa LRC na kuiweka kama mali ya kifedha chini ya IFRS 9, kiwango cha mali na madeni ya kifedha.

Si mchezo wa maneno. Njia ya pili inalazimisha kutenga hasara inayotarajiwa ya mikopo kwa yule broka, na kutoa jedwali la madeni kwa umri. Njia ya kwanza broka anajificha ndani ya LRC. Kampuni yenye mauzo mengi kupitia mabroka lazima iseme imechagua ipi.

#6 Kisiki cha Mkuyu

Mleta mada umetupa kamisheni kama vile kusambaza ni faida ya bure. Si kweli, kuna mtego wa mikataba yenye hasara.

PAA inaanza kwa kudhani hakuna kundi lenye hasara, mpaka kuwe na dalili. Dalili ni kama uwiano wa madai kupanda, bei za vipuri kuruka, au kundi lililouzwa kwa punguzo kumpata mteja mkubwa. Ikitokea, unapima gharama halisi za kumaliza kinga iliyobaki: madai yanayokuja, gharama za kuyashughulikia, na nyongeza ya mashaka. Zikizidi LRC, tofauti inaingia hasara hapo hapo, husubiri siku zipite.

Chukua mikataba 1,000 ya mfano wako, yote imelipwa. LRC kwa anayesambaza kamisheni ni milioni 955.5, kwa asiyesambaza ni milioni 1,092. Tuseme gharama za kumaliza ni milioni 1,010. Anayesambaza ana hasara ya milioni 54.5 leo. Asiyesambaza hana kitu. Kwa hiyo ile tofauti ya faida ya milioni 136.5 kati yao inabaki milioni 82. Kadiri kundi linavyokuwa bovu, ndivyo kitufe chako cha kwanza kinavyopoteza maana.

Na kingine kinachokosewa sana ni ukubwa wa kundi. Kiwango kinataka furushi ligawanywe angalau mara tatu: mikataba yenye hasara tangu siku ya kwanza, ile isiyo na uwezekano mkubwa wa kuingia hasara, na iliyobaki. Na mikataba iliyotolewa kwa kupishana zaidi ya mwaka mmoja haikai kundi moja. Kampuni ikiweka "magari yote" chungu kimoja, daladala na bodaboda zinafichwa nyuma ya magari binafsi. Sera ikisema tu "mafurushi yamepangwa kwa aina za biashara" bila kusema magari ya abiria yako wapi, hapo pana jambo.

#7 Akchuari wa Uchochoroni

Mmekaa sana kwenye LRC. Pesa kubwa ya bima za kawaida ipo kwenye ndugu yake, LIC, deni la madai yaliyokwishatokea. Humo kuna vitu vinne: madai yaliyoripotiwa hayajalipwa, yaliyotokea lakini hayajaripotiwa (IBNR), gharama za kuyashughulikia, na nyongeza ya mashaka.

Sera karibu zote zitakwambia "njia ya ngazi za maendeleo ya madai imetumika". Hiyo ni kama kusema chakula kimepikwa kwa moto. Tazama kinachotokea ndani. Malipo ya jumla kwa mwaka wa ajali, milioni za shilingi:

Ajali za 2021: mwisho wa mwaka wa kwanza 400, wa pili 600, wa tatu 660
Ajali za 2022: 500, kisha 760
Ajali za 2023: 620

Kigezo cha kuzidishia kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa pili: (600 + 760) ÷ (400 + 500) = 1.511. Kutoka wa pili kwenda wa tatu: 660 ÷ 600 = 1.10. Tuseme baada ya mwaka wa tatu hakuna kinachobaki.

Ajali za 2022 zitaishia 836, zimebaki 76. Ajali za 2023 zitaishia 1,030.6, zimebaki 410.6. Jumla isiyolipwa ni milioni 486.6, ndani yake kuna yaliyoripotiwa na yasiyoripotiwa.

Sasa ile 760 ya 2022 ina dai moja la basi la milioni 160, lililolipwa na kufungwa mwaka wa pili. Litoe pembeni. Kigezo cha kwanza kinashuka kuwa 1,200 ÷ 900 = 1.333. Ajali za 2022 zinabaki na 60, za 2023 zinabaki na 289.3. Jumla 349.3.

Dai moja limeyumbisha deni kwa karibu milioni 137. Kwa hiyo sera inayofaa kusomwa ni ile inayosema: dai kubwa ni kuanzia kiasi gani, na linatolewa kwenye jedwali au halitolewi. Na kama kiasi hicho kilibadilika mwaka huu, kwa nini.

Makosa ya kawaida kwenye data: kutumia tarehe ya kusajili dai kwenye mfumo badala ya tarehe ya ajali (IBNR inapotea yote, maana kila dai linaonekana jipya), dai lililofunguliwa upya kupewa namba mpya, na malipo ya mtathmini kuchanganywa na fidia kwenye jedwali halafu gharama za kushughulikia zikaongezwa tena juu. Hilo la mwisho linaongeza deni mara mbili na huwa halionekani mpaka mtu alinganishe na leja.

Na mabaki ya gari jamani! Gari likifutwa, kampuni ikachukua mabaki, pesa inayotarajiwa kutoka kwenye mabaki, pamoja na ile ya kumdai aliyesababisha ajali, inapunguza makadirio ya LIC. Zamani wengi waliiweka kama mali nyingine. Wakiiweka bado kule *na* akchuari (mtaalamu wa kukadiria madai) naye ameshaipunguza kwa sababu jedwali lake ni la malipo baada ya kutoa mabaki, imehesabiwa mara mbili.

#8 DaftariLaKijani

Akchuari ahsante, hiyo ya tarehe ya kusajili ni ya kuwekwa kwenye fremu. Tuelezee nyongeza ya mashaka, maana ndiyo kitufe kinachoonekana kama uchawi.

#9 Akchuari wa Uchochoroni

Hakuna uchawi. Makadirio ya LIC ni wastani, na wastani unaweza kukosewa. Kampuni inaongeza kiasi ambacho ni malipo yake kwa kubeba mashaka hayo. Kiwango hakitaji njia, lakini kinalazimisha kutaja kiwango cha uhakika. Ukiona "75%", maana yake kwa hesabu zao, mara 75 katika 100 fungu lililotengwa litatosha.

Wastani ukiwa bilioni 8 na kiasi cha 75% ni bilioni 8.6, nyongeza ni milioni 600. Ukishuka hadi 65% na kiasi kikawa bilioni 8.35, umepata milioni 250 za faida bila kuuza bima hata moja. Kwa sheria za hesabu, kubadili makadirio kunaruhusiwa na athari inaingia mwaka huohuo, haurudi nyuma. Kwa hiyo linganisha asilimia ya mwaka huu na ya jana. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Kingine ni punguzo la thamani ya muda. Kampuni inaruhusiwa kutopunguza LIC kama madai yanatarajiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja tangu yatokee. Kwa kioo cha gari, sawa. Kwa dai la mtu aliyeumia na kesi iko mahakamani, si sawa. Shilingi milioni 1,000 zitakazolipwa baada ya miaka miwili kwa riba ya 10% leo ni milioni 826.4. Mwaka unaofuata zinaongezeka milioni 82.6, na ongezeko hilo ni gharama ya kifedha ya bima, si madai. Kampuni inachagua liende lote kwenye faida na hasara, au sehemu iende kwenye mapato mengine ya jumla, fungu lililo nje ya faida na hasara.

Riba yenyewe hapa kwetu huanzia kwenye mavuno ya hati fungani za serikali, halafu mtu anaongeza kitu kwa kuwa deni la bima haliuziki haraka. Hicho "kitu" ndicho cha kuuliza.

#10 Broka Mstaafu

Naongezea bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe inakata kwa kampuni nyingine, maana humu kuna watu bado wanatafuta ule mstari wa "mapato ya kamisheni" uliokuwa unapendezesha hesabu.

Umekufa. Kampuni ikipeleka 40% ya ada ya milioni 100 kwa wabeba bima mtawanyo, yaani milioni 40, na ikarudishiwa kamisheni ya 30%, milioni 12, sasa inaonyesha gharama ya bima mtawanyo milioni 28 tu. Kamisheni isiyotegemea madai inapunguza ada inayotoka. Ile inayotegemea madai, kama kamisheni ya faida, inahesabiwa pamoja na madai yanayorudishwa. Ngazi za kamisheni zina utata: kima cha chini unakipata hata madai yawe mabaya vipi, kinachozidi kinategemea madai. Lazima zikatwe vipande viwili. Ukiona kampuni imeziweka zote upande mmoja bila maelezo, uliza.

Mkataba wa bima mtawanyo unapimwa peke yake, hauchanganywi na bima zenu. Na kuna suala la urefu. Mkataba wa mwaka mmoja unaofuata *hatari zilizoanza* ndani ya mwaka hubeba bima iliyokatwa 31 Desemba mpaka Desemba ya mwaka unaofuata. Kinga yake ni karibu miezi 24. Hauingii PAA kwa mlango wa mwaka mmoja, unahitaji jaribio la kuonyesha kwamba jibu halitofautiani sana na njia ndefu. Unaofuata *hasara zinazotokea* ndani ya mwaka unaingia moja kwa moja. Mikataba ya lazima ya wabeba bima mtawanyo Africa Re, ZEP-RE na Tan-Re nayo inapitia kipimo hichohicho, ulazima hautoi msamaha wa kupima.

Ile hasara ya milioni 54.5 ya Kisiki: kama kuna mgawanyo wa 40% uliosainiwa kabla au wakati mmoja na bima zenyewe, unaruhusiwa kuandika mapato ya kufidia ya milioni 21.8 hapo hapo. Ukisaini baada ya kuona hasara, hupati.

#11 Kisiki cha Mkuyu

Sahihi mzee. Na dola msisahau. Bima za ndege, meli na miradi ya gesi zimekuwa zikiandikwa kwa dola. Zamani ada ambayo haijaiva ilibaki kwenye kiwango cha siku ya kwanza. IFRS 17 inataka kundi zima lichukuliwe kama kitu cha kifedha chini ya IAS 21, kiwango cha fedha za kigeni, kwa hiyo LRC yote inabadilishwa kwa kiwango cha siku ya mizania. Shilingi ikishuka, deni linakua kwa shilingi. Kampuni yenye akaunti za dola za kutosha haisikii kitu. Iliyobadilisha ada yote kuwa shilingi na kununua hati fungani za ndani inaumia, na maumivu yanatokea mstari wa tofauti za fedha za kigeni ambako hakuna anayeangalia.

#12 Binti Mtwara

Wakuu, mimi naomba msaada wa bima ya mikopo. Benki inakata ada mara moja kwa mkopo wa miaka mitatu. Mfumo wetu unagawa mapato sawasawa kwa miezi 36. Mkaguzi amekataa.

#13 Akchuari wa Uchochoroni

Mkaguzi yuko sahihi, dada, na ana sababu mbili.

Ya kwanza, miezi 36 imezidi mwaka. PAA unaipata tu ukionyesha kuwa deni halitatofautiana sana na njia kuu, ile ndefu. Kwa bima ya mikopo mara nyingi linatofautiana, kwa sababu ya ya pili: kinga inashuka kila mwezi kadiri mkopo unavyolipwa.

Tuseme mkopo milioni 36, unalipwa milioni moja kila mwezi. Mwezi wa kwanza kinga ni 36, wa pili 35, mpaka wa mwisho 1. Jumla ya vipimo ni 666. Mwaka wa kwanza unabeba 36 mpaka 25, jumla 366, yaani karibu 55%. Mfumo wenu unatoa 33.3%. Mnachelewesha faida mwaka wa kwanza, halafu miaka ya mwisho mnaonyesha faida kwenye kinga ambayo karibu haipo.

Kwenye njia kuu kile kinachosambazwa kwa vipimo hivyo ni faida ya huduma ambayo haijatolewa, ile CSM. Na msisahau mikopo inayolipwa mapema: kama mteja anarudishiwa sehemu ya ada, marejesho hayo yanaingia kwenye mtiririko wa fedha tangu mwanzo.

Bima za wakandarasi zina ugonjwa wa upande wa pili. Jengo la miezi 24 halina hatari kubwa likiwa msingi. Thamani iliyo hatarini inapanda kadiri linavyopanda. Kiwango kinaruhusu, na kinataka, mapato yafuate mwelekeo wa hatari kama unatofautiana sana na muda.

#14 Stika Feki

Na upande wa vitega uchumi? Kampuni ya bima bila hati fungani ni kibanda tu.

#15 DaftariLaKijani

Huko ni IFRS 9. Hati fungani zinapangwa kwa lengo la kuzishika na kama malipo yake ni mtaji na riba tu. Ukizishika mpaka zikomae, zinakaa kwa gharama iliyolipiwa, bei ya soko haikugusi. Ukizishika na kuuza pia, zinakaa kwa bei ya soko na tofauti inaenda mapato mengine ya jumla. Hisa za DSE (soko la hisa la Dar) zina chaguo la pekee: ukiamua siku ya kununua kwamba tofauti ziende mapato mengine ya jumla, basi faida ya kuuza haitarudi kamwe kwenye faida na hasara. Gawio tu ndilo linaingia.

Angalia zinavyoshikana na alichosema Akchuari. Hati fungani kwa gharama iliyolipiwa, LIC inapunguzwa kwa riba ya soko na mabadiliko yote yanapita kwenye faida na hasara: riba ikishuka, deni linakua na mali haitikisiki. Sera mbili, kila moja halali, zikikaa pamoja zinatoa faida inayorukaruka bila sababu ya kibiashara.

#16 Msafiri254

Ile akiba ya dharura ya Tanzania inapita kwa gharama?

#17 Mama Mizania

Haipiti. Kanuni za bima zinataka kwa bima za kawaida kutenga 3% ya ada baada ya bima mtawanyo au 20% ya faida halisi, kinachozidi. Lakini huo ni mgawanyo ndani ya mtaji: unatoa faida iliyolimbikizwa, unaweka akiba. Chini ya viwango, fungu la majanga ambayo hayajatokea kwenye mikataba ambayo haipo haliruhusiwi kuwa deni. Athari yake utaiona kwenye gawio, maana akiba hiyo haigawiwi.

Vilevile usichanganye "mauzo ghafi" yanayotajwa kwenye ripoti za soko na mapato ya bima ya kwenye hesabu. Mauzo ghafi ni ada iliyoandikwa mwaka huo. Mapato ni kinga iliyotolewa. Kampuni iliyouza sana Novemba na Desemba inakuwa na mauzo makubwa na mapato madogo.

#18 Binti Mtwara

Ahsanteni. La mwisho: gharama za ofisi. Wenzangu wanabishana mishahara ya uhasibu iende wapi.

#19 Kisiki cha Mkuyu

Kama inahusiana moja kwa moja na kutimiza mikataba, inaingia gharama za huduma ya bima, hata kama ni kodi ya pango, kompyuta au mishahara ya uhasibu iliyogawanywa kwa utaratibu usiobadilikabadilika. Isiyohusika, kama baadhi ya mafunzo na kubuni bidhaa mpya, inakaa chini kama gharama nyingine. Kampuni ikihama kutoka kuingiza 80% ya gharama za ofisi huko juu hadi 65%, matokeo ya huduma ya bima yanapendeza na faida ya mwisho inabaki karibu palepale. Karibu, kwa sababu gharama zikitolewa juu, kipimo cha makundi yenye hasara nacho kinalegea. Uliza vigezo: idadi ya mikataba, idadi ya madai, au muda wa wafanyakazi.

#20 Stika Feki

Na nitajuaje kama haya makadirio yote ya madai ni ya kweli?

#21 Akchuari wa Uchochoroni

Nenda kwenye jedwali la maendeleo ya madai, huwa mbali nyuma, maelezo ya hatari za bima. Kiwango kinalitaka, na halilazimiki kurudi zaidi ya miaka 10. Chukua mwaka mmoja wa ajali, soma kwenda chini: makadirio ya mwisho wa mwaka ule, kisha ya mwaka uliofuata, kisha uliofuata. Namba zikipanda kila safari kwa kila mwaka wa ajali, kampuni inatenga pungufu kila mwaka na kulipia baadaye. Zikishuka kidogo kidogo, wanatenga kwa ukarimu. Zikipanda mwaka mmoja tu, tafuta dai kubwa.

Na uangalie kama jedwali ni la kabla ya bima mtawanyo au baada. Wengine huweka la baada peke yake, ambalo huwa tulivu.